Dakika Nne Baada ya Mwenye Kinu Kufa

Boston, Jumatano, 16 Novemba 1949, asubuhi

Kwa Mhariri Mkuu wa gazeti linalosomwa na Boston nzima, pamoja na wale wanaoapa kwamba hawaligusi.

Ndugu Mhariri,

Nakusalimu kwa heshima zote, ingawa heshima zenyewe zimenipungukia tangu Jumamosi ulipotoka ukurasa wenu wa kumi na nne.

Mimi naitwa Gussie Feldbaum. Nina miaka hamsini na sita, na thelathini na mmoja kati ya hiyo nimeila nikichekesha watu jukwaani. Kwa sasa mimi ni mpishi wa mwenye kinu, kile cha kusaga nafaka kwa nguvu ya mto, katika mchezo wa nyimbo uitwao Kinu cha Bonde, tunaouonyesha hapa mjini kwenu ili tujue makosa yetu kabla ya kuupeleka New York tarehe mosi Desemba. Mimi ndiye yule mnene anayetoka mbele ya pazia na kabichi mkononi. Nasema anayetoka kwa mazoea tu. Tangu juzi Jumatatu sitoki, na aliyenizuia ni mhakiki wenu, Bwana Alden Whitcombe.

Nayanukuu maneno yake kama yalivyo, maana nimeyakata na kuyabandika kwenye kioo changu cha kujipodolea: "Mwenye kinu anapozama mtoni, tukio la huzuni kuliko yote ya msimu huu, hatuachiwi hata pumzi moja ya kumwomboleza. Mara anatokea mwanamke mnene na kabichi. Mchezo huu haujui kupima mwanga na giza."

Kuitwa mnene si malalamiko yangu. Unene umenilisha miaka yote hiyo. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo, na nimeyapa namba ili Bwana Whitcombe asipotee njiani.

La kwanza. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Bwana Whitcombe anadhani waandishi wetu walikaa chumbani na mizani, huku kilio, huku kicheko, wakiongeza na kupunguza mpaka sindano ikatulia katikati. Waandishi hawakupima kitu, ndugu yangu. Aliyepima ni Eamon Tuohy, fundi mkuu wa jukwaa, na alipima kwa saa yake ya mfukoni. Tukio la mtoni lina gurudumu la kinu la mbao na chuma lenye uzito wa ratili elfu moja na mia mbili. Tukio linalofuata ni kanisani. Kuliondoa gurudumu na kuliingiza kanisa na mabenchi yake kunahitaji wanaume wanane na dakika nne. Katika dakika hizo pazia linashushwa, na mbele yake panabaki kipande cha sakafu chenye upana wa kitanda. Lazima mtu asimame pale, la sivyo watu watavaa makoti yao waende nyumbani. Tangu nilipokuwa msichana, mtu huyo huwa ni mimi au mwingine wa aina yangu.

Wimbo wangu haukuwemo kabisa katika mchezo. Tulipokuwa New Haven, Tuohy alisema bila dakika nne hahamishi hata msumari. Basi waandishi wakaketi mchana mmoja hotelini wakautunga huku wakila nyama ya chumvi na kabichi ya kuchemsha. Kabichi ilitoka hapo. Hoteli ingepika karoti, leo ningekuwa natetea karoti. Kisha anakuja mtu aliyesomea Ulaya anauliza hekima ya kabichi ni nini katika falsafa ya mauti!

La pili. Kicheko kwenye kazi yetu si pambo, ni chombo cha kazi, tena kizito kuliko nyundo. Wale mafundi wanane, ambao huniita Shangazi Gus na hunitunzia kiti karibu na bomba la joto, wanafanya kazi kwa kufuata vicheko vyangu. Ubeti wangu wa kwanza unasema:

Mwanamume ni kabichi, bandua jani, bandua,
ukifika katikati, hakuna moyo, ni bua.

Nikifika kwenye "bua" wanawake wanacheka kwanza, halafu waume zao wanacheka ili wake zao wasidhani wameguswa. Jumla ni sekunde nane. Katika sekunde hizo nane Tuohy anaachia gurudumu lishuke kwenye mkokoteni wake, kishindo cha kutikisa meno, na hakuna anayekisikia. Ubeti wa pili, wa mchinja nyama, unaingiza mabenchi. Ubeti wa tatu, pale ninapoibusu kabichi, unasimamisha mnara wa kanisa. Kwa hiyo Bwana Whitcombe alipoandika kwamba wimbo wangu "haujengi chochote", nataka ajue kwamba unajenga kanisa zima kila siku, na Jumatano na Jumamosi unalijenga mara mbili.

La tatu ni habari ya Jumatatu.

Mwongozaji wetu, Bwana Julian Ormsby, ni kijana msafi mwenye skafu, na akisoma gazeti huliamini kama daktari wake. Jumatatu mchana alituita akasema wimbo umekatwa. Badala yake, baada ya mwenye kinu kuzama, taa zitazimwa, okestra itanyamaza, na ukumbi utapewa dakika nne za kuomboleza gizani. Nilimuuliza kishindo cha gurudumu atakificha wapi. Akaniambia huzuni ya kweli haisikii vishindo. Nikamjibu kwamba huzuni labda haisikii, ila watu elfu moja na mia nne wenye masikio wanasikia. Alinitazama kwa huruma, nami sijawahi kupenda kutazamwa hivyo.

Usiku ule kwenye onyesho, nusu dakika ya kwanza, nakiri, ilikwenda vizuri. Palikuwa na watu wanaopenga kamasi. Kisha gurudumu likashuka. Kwa kuwa hapakuwa na "bua", mafundi hawakujua wakati wa kuachia, wanne wakaachia na wanne wakashikilia. Katikati ya maombolezo yale, ukumbi mzima ukasikia sauti ya kijana mmoja wa Tuohy, Dinny Foley, ikisema kutoka nyuma ya pazia, "Mguu wangu, nyie! Mko juu ya mguu wangu!" Na mwenzake akamjibu kwa utulivu kabisa, "Basi si uutoe."

Loo, Mhariri. Watu elfu moja na mia nne waliokuwa wameamriwa kulia walipasuka. Walicheka mpaka taa zikawaka. Kasisi akatoka akasema, "Ndugu zangu, tumekusanyika na mioyo mizito," wakaanza upya. Jeneza lilikuwa wazi na ndani yake amelala Ambrose Kittredge, anayecheza mwenye kinu, mwigizaji wa heshima ambaye hajawahi kuchekwa tangu mwaka 1926. Hata jeneza likawachekesha.

Baada ya onyesho Kittredge alikuja chumbani kwangu na ile poda nyeupe ya maiti bado usoni. Alikaa kwenye sanduku langu la nguo akasema, "Gussie, wamekuondoa wewe wakanifanya mimi kuwa mchekeshaji." Nilimpa kahawa na andazi, akala kwa uchungu.

Funzo lake liko wazi, hata mtoto angeliona. Kicheko ukikizibia mlango wa mbele kitapita dirishani, na kitapita wakati usiokitaka. Sisi tuliokuwa tukikipangia saa yake ya kuingia na ya kutoka ndio tuliokuwa tukiilinda ile huzuni. Mimi ndiye niliyekuwa mlinzi wa mazishi ya mwenye kinu, Mhariri, na mmenifukuza langoni.

La nne nimelifuta. Mume wa dada yangu anafanya kazi kwa wakili, na alipolisoma alisema linaweza kunifikisha mahakamani. Lilihusu ndevu za Bwana Whitcombe.

La tano. Jumanne Bwana Ormsby alijaribu dawa nyingine. Akamtoa binti wa mwenye kinu mbele ya pazia aimbe wimbo wa huzuni wa dakika nne. Sasa sikiliza. Katika nusu saa iliyotangulia binti huyo alikuwa ameshaagana na mchumba, ameshasoma barua mbaya, na ameshamwona baba yake akizama. Sasa analia tena kwa wimbo. Kufika ubeti wa pili ukumbi ulianza kukohoa. Mtu asiye na mafua akikohoa ukumbini maana yake anaomba ruhusa ya kutoka. Nilihesabu kumi na mmoja waliosimama kufuata makoti yao. Wanaume ndio waliotangulia, na mimi siwalaumu. Mwanamume wa Boston huja kwenye michezo yetu kwa sababu mkewe amemvuta. Anavumilia mapenzi, anavumilia mto, kwa tumaini moja tu, kwamba muda si mrefu atatoka mtu mnene aanguke. Hiyo ndiyo ahadi tuliyompa tangu babu zetu. Ndiyo maana katika kila mchezo wetu kuna wapenzi wawili wa kulia na wapenzi wawili wa kujikwaa kwenye benchi, na wanapishana. Ukimnyima yule mtu kicheko chake, hata machozi hakupi.

Binti huyo leo asubuhi ameamka hana sauti. Amelia mpaka imekatika. Anaandika anachotaka kwenye kijikaratasi, na cha kwanza alichoandika ni supu.

La sita ndilo kubwa, na ninaomba ulisome ukiwa umeketi.

Kama sheria ya Bwana Whitcombe ni sheria, na ianzie nyumbani. Nimelichukua gazeti lenu la Jumamosi ileile. Ukurasa wa ishirini na mbili una matangazo ya vifo. Nilihesabu thelathini na wanane, Mungu awapumzishe. Nikafunua karatasi. Nyuma yake, ukurasa wa ishirini na tatu, ni vikatuni! Mjane wa Dorchester amesoma jina la kaka yake, anafunua karatasi, na anakutana na mbwa aliyevaa suruali akitumbukia kwenye pipa la rangi. Zimepita dakika nne hapo? Hata pumzi moja haijapita. Na kando ya wafu wenyewe, safu ya kulia, kuna picha ya mama aliyevaa sidiria anatabasamu. Je, gazeti hili linajua kupima mwanga na giza?

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, kwamba kuanzia wiki ijayo kila baada ya matangazo ya vifo muache kurasa nne tupu. Msiweke hata mstari. Msomaji akae nazo aomboleze. Na akisikia mitambo yenu ikinguruma kule chini asicheke.

Tena msiishie hapo. Bwana Whitcombe atumwe Boston Kusini, kwa watu wa Tuohy, Waayalandi. Huko maiti hulazwa sebuleni, watu wakajaa na chupa zao za kinywaji, na kabla ya saa mbili kupita mtu keshasimama kando ya marehemu anasimulia jinsi alivyopanda punda kinyumenyume. Mjane mwenyewe anamsahihisha akikosea. Awaendee akawakataze, na aende na mtu wa kumbeba wakati wa kurudi. Kisha aje New York kwa watu wangu, Wayahudi. Sisi hukaa matanga siku saba kwenye viti vifupi na kula mayai. Alipokufa baba yangu, siku ya tatu, mjomba Hymie alianza hadithi ya mbuzi wa rabi, na mama yangu, aliyekuwa hajanyanyua macho tangu makaburini, alimtupia ndara akacheka mpaka akashika mbavu. Nilikuwa na miaka tisa. Niliona kwa macho yangu mama amerudi, na nikajua kazi nitakayoifanya. Labda mjomba Hymie alikosea. Labda angengoja aandikiwe kibali na mhakiki.

Na akimaliza huko aandike uhakiki wa Mwenyezi Mungu mwenyewe, ambaye kila siku anatuletea asubuhi papo hapo baada ya usiku, jogoo anawika, maziwa yanaletwa mlangoni, na wafiwa hawajamaliza.

La saba ni fupi. Bila ule wimbo, nafasi yangu katika mchezo huu ina maneno saba. Matatu ni "Chakula tayari, bwana." Manne ni "Mungu wangu, mto umemchukua!" Jana Bwana Ormsby aliniambia, kwa upole wake ule, kwamba maneno saba yanaweza kusemwa na msichana yeyote wa New York, na kwamba Jumamosi ataamua nani anapanda treni na nani anapewa mkono wa kwaheri. Mimi si mtoto, najua maana yake. Wanawake wa umri wangu na umbo langu hawatungiwi nyimbo kila mwaka. Huu wa kabichi ni wa kwanza katika miaka sita, na nilipousikia kwenye piano kule New Haven nilikwenda chooni nikajifungia nikashukuru. Nikirudi nyumbani sasa hivi sitatoka tena, Mhariri. Nitakuwa yule mama wa ghorofa ya tatu anayewaambia majirani kwamba zamani alikuwa jukwaani. Naogopa. Nimeandika kurasa hizi zote za ukali ili nisiandike neno hilo, na sasa nimeliandika.

Basi maombi yangu ni haya. Kwanza, Bwana Whitcombe aandike Ijumaa, kabla ya Jumamosi ya hukumu, kwamba alikosea, na kwamba huzuni isiyofuatwa na kicheko ni nusu ya kazi. Pili, alete mwili wake nyuma ya pazia akamate kamba ya gurudumu onyesho moja, upande wa mguu wa Dinny. Tatu, neno "mnene" libaki, ila liongezwe "na stadi". Nne, zile kurasa tupu.

Nakutakia kazi njema. Nisalimie wapanga herufi wote kule chini, na wauza magazeti wa pale kona, hasa yule mwenye kofia ya pamba ambaye aliniuzia la Jumamosi akasema pole kabla sijalifungua. Msalimie mkeo na watoto kama unao, na mama mkwe kama bado mnaongea. Bwana Whitcombe naye msalimie, lakini awe wa mwisho.

Ni mimi niliyeonewa,
Gussie Feldbaum
(mpishi, Kinu cha Bonde)

Nyongeza. Saa kumi na moja na nusu jioni, siku ileile.

Ndugu Mhariri, bahasha nilikuwa nimeshailamba. Nimeifungua kwa mvuke wa birika kwa sababu kuna jambo limetokea leo kwenye onyesho la mchana, na nisipolisema nitakuwa mwongo.

Kwa kuwa binti hana sauti, saa sita Bwana Ormsby alinijia akaniambia niimbe kabichi leo tu, ukumbi usikae mtupu. Unaweza kufikiri jinsi nilivyofurahi. Nilishuka chini kuvaa viatu vyangu vya mbao, vile vinavyogonga sakafu, nikaambiwa vimeshafungwa kwenye masanduku ya kurudishwa New York. Sawa, nitaimba na viatu vya kawaida. Nikachukua kabichi, nikapanda, nikasimama pembeni mwa jukwaa kungoja zamu yangu.

Hapo lazima nikuambie kitu cha aibu. Mchezo huu nimeucheza mara kumi na tatu, na kile kifo sijawahi kukiona. Wakati wa tukio hilo mimi huwa chini kwenye ngazi, nimeinama, nafunga viatu. Lile yowe la "Mungu wangu, mto umemchukua!" hulipigia palepale, kiatu kimoja mkononi, na sijawahi kujiuliza mto umemchukua nani. Jumatatu na jana nililipiga nikiwa nimenuna, mgongo wangu kwa jukwaa.

Leo sikuwa na viatu vya kufunga, basi nikaangalia.

Hafanyi kitu kikubwa, Kittredge. Upepo unamwangusha kofia majini. Anaicheka, anajicheka na yeye mwenyewe, mzee mzima anayekimbiza kofia. Anainama kuishika na anakuwa amekwenda. Hapigi kelele wala hainui mkono. Gurudumu linaendelea kuzunguka. Namfahamu Kittredge miaka ishirini, ananuka vitunguu na hajawahi kulipia kahawa, na nilikuwa nimemwona nusu saa kabla yake akitafuta miwani iliyokuwa usoni kwake. Lakini nilipofungua mdomo kupiga yowe langu, lilitoka na sauti nisiyoijua. Okestra wote waligeuka kunitazama.

Pazia likashuka. Mtu akanisukuma. Nikajikuta mbele ya taa, kabichi mkononi, na kiongozi wa okestra akapiga vianzio vya wimbo wangu. Nikafungua mdomo, hakuna kitu. Akavipiga tena, na tena mara ya tatu, ananitolea macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Maneno nilikuwa nayo, Mhariri, beti zote tatu. Zilikataa kutoka. Hatimaye akaweka fimbo yake chini.

Nikasimama. Machozi yalikuwa yananitiririka na mikono ilikuwa imejaa kabichi, sikuweza kuyafuta. Nilifikiri, sasa ndiyo basi, Gussie, umekwisha, na umejimaliza kwa mdomo wako mwenyewe. Nikangoja wacheke. Mwanamke mnene analia na kabichi, nani asingecheka? Hakucheka mtu. Hakukohoa mtu. Na nyuma yangu nilikuwa nangoja kile kishindo, maana mafundi hawakuwa na kicheko cha kujifichia, nacho hakikuja. Baadaye niliambiwa kwamba Tuohy alichungulia akaniona, akavua viatu vyake, akawaonyesha vijana kwa kidole nao wavue, wakalishusha gurudumu lile kwa mikono na soksi, ratili elfu moja na mia mbili, kama wanamlaza mtoto. Ilichukua dakika nne, haikuzidi wala kupungua. Kumbe siku zote lingeweza kushuka hivyo. Hakuna aliyewahi kuwapa sababu.

Kasisi akatoka akasema mioyo mizito, na ilikuwa mizito kweli. Nilimwona Bwana Whitcombe safu ya sita. Alikuwa amerudi kuona kama ushauri wake umefuatwa. Alikuwa anafuta uso kwa karatasi ya ratiba ya onyesho kwa sababu hakubeba leso.

Bwana Ormsby alinifuata mbio mpaka chumbani, skafu imemwangukia begani. Nilidhani anakuja kunipa mkono wa kwaheri. Alisema, "Hivyo hivyo. Usiongeze chochote. New York utasimama hivyo hivyo."

Basi napanda treni. Nimechekesha watu miaka thelathini na mmoja kwa jasho langu, na nafasi yangu nimeipata kwa kufunga mdomo. Mtu akitaka kunipongeza atanikasirisha.

Kwa hiyo barua hii usiichape. Kurasa zako usizibadilishe, na lile la tatu na la sita uyahesabu kama hayakuandikwa. Mhakiki wako alikuwa sahihi. Watu walihitaji muda wa kumlilia yule mzee, na wa kwanza aliyekuwa hajamlilia ni mimi, niliyekuwa napiga yowe lake kila siku. Mwambie alikuwa sahihi, Mhariri, ila tafadhali usimwambie umeyasikia kwangu.

G. F.